Walowezi walikuwa wana wa nani?

Kiswahili kina neno zuri ambalo sisi Wakenya tumelitumia vibaya. Neno lenyewe ni 'mlowezi'. Limetokana na kitenzi 'kulowea', yaani kuhamia ugenini, ukakaa huko hadi ukazoea na kuzoewa, pengine ukaoa na hatimaye ukazikwa huko huko. Mpemba aliweza kulowea Mombasa, Mshihiri akalowea Lamu, na watu wasione ajabu. Lakini siku hizi, katika magazeti, redioni na katika insha za wanafunzi wetu, neno hilo limefungiwa kundi moja tu la watu, nao ni Wazungu waliokuja kutwaa ardhi ya nyanda za juu kuanzia mwanzo wa karne ya ishirini. Isitoshe, limekuwa kama jina la kabila moja lisilokuwa na milango wala koo. Walowezi walikuja, walowezi wakanyakua, walowezi wakaondoka. Basi.

Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni lugha, na mtu wa lugha ana desturi ya kusumbuliwa na maneno ambayo wenzake huyapita njiani bila kuyaamkia. Ninalolisumbukia hapa ni hili. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kukutajia bila kusita kwamba sheria ya ardhi ya serikali ya kikoloni ilitungwa mwaka 1902 na nyingine mwaka 1915, lakini ukimuuliza Lord Delamere alikuwa mwana wa nani, atakukodolea macho kana kwamba umemtukana. Na ilhali katika lugha zetu zote, swali la kwanza aulizwalo mgeni akiketi ni hilo: wewe u mwana wa nani, na umetoka mlango gani? Tumewasomesha watoto wetu habari za wageni waliobadili maisha ya nchi nzima bila kuwauliza wageni hao swali ambalo nyanya zetu wangeliuliza kabla hata ya kuteleka chai.

Nadai kwamba pasipo swali hilo hatuwezi kuelewa kwa nini walikuja, wala kuelewa sawasawa walichokifanya walipofika.

Tuanze na desturi ya kwao. Nchini Uingereza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1925, mtu mwenye ardhi akifa bila wasia, ardhi yote ilikuwa ya kifungua mimba wa kiume. Makabaila hawakungoja hata kufa; walikuwa na hati za ukoo zilizoifunga ardhi isigawanyike, ipite nzima kutoka kwa baba hadi kwa mwana mkubwa, na kutoka kwa huyo hadi kwa mwanawe mkubwa. Ndugu wengine walipewa posho, elimu bora na majina marefu, kisha wakaambiwa wajitafutie. Wakitaka waende jeshini, wakitaka waende kanisani, wakitaka waende ng'ambo. Kwa Mkikuyu au Mluo wa wakati ule, ambaye wanawe wote walitarajia kupata mahali pa kulima, desturi hii ingeonekana kuwa ukatili usiosemeka. Ongeza juu ya hayo kwamba kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei rahisi kutoka Marekani ilikuwa imeishusha thamani ya mashamba ya Uingereza, na kwamba mwaka 1894 serikali yao iliongeza kodi ya mali ya marehemu. Hata kifungua mimba mwenyewe alianza kuona jasho likimtoka.

Sasa tazama jinsi ukoo mmoja ulivyoingia Bonde la Ufa. Mwaka 1899 Lord Delamere alimwoa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen wa huko Ireland. Binti huyo alikuwa na ndugu, na mkubwa wao ndiye aliyekuwa arithi cheo na ardhi ya baba. Wadogo wawili, Galbraith na Berkeley, hawakuwa na urithi wa kutajika. Wakamfuata shemeji yao Afrika Mashariki. Galbraith alipata ardhi Gilgil akafuga kondoo. Mwaka 1911 alimpiga risasi Mwafrika mmoja aliyemshuku kuiba kondoo wake, mtu huyo akafa. Baraza la Wazungu wenzake waliokaa kuamua kesi lilimwachilia huru. Ikabidi serikali ya London yenyewe iamuru afukuzwe nchini. Baadaye alirudi, na mwaka 1917 akamwoa Lady Eleanor Balfour. Na baba mkubwa wa bibi arusi alikuwa nani? Alikuwa Arthur Balfour, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia mwaka 1902 hadi 1905, yaani katika miaka ile ile ambayo milango ya nyanda za juu ilifunguliwa.

Huo ndio mtandao ninaousema. Mume wa dada, ndugu wa mke, baba mkubwa, mpwa. Tukiyaondoa maneno hayo tunabaki na orodha ya majina ya mashamba.

Delamere mwenyewe hakuwa kitinda mimba wala mtoto wa pili, na mtu mkaidi angeweza kunirudi kwa hoja hiyo. Alizaliwa mwaka 1870, na baba yake alipofariki mwaka 1887 alirithi cheo na jumba la Vale Royal katika jimbo la Cheshire akiwa kijana wa miaka 17. Jina la ukoo wake huandikwa Cholmondeley, herufi 12, lakini hutamkwa 'Chamli', silabi mbili tu. Wanafunzi wangu wa fonolojia hucheka sana wakilisikia hili. Mimi huwaambia wasicheke haraka, kwa sababu tahajia ya namna hiyo hufanya kazi ya bawabu: anayelitamka jina jinsi linavyoandikwa hujulikana papo hapo kwamba si wa nyumbani. Delamere alikuwa na kila kitu ambacho wadogo wa mke wake walikikosa. Hata hivyo alipewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903 kwa mkataba wa miaka 99, na kwa miaka mingi alikopa fedha kwa kuiweka rehani mali ya Cheshire ili alipie kondoo waliokufa na ngano iliyoliwa na kutu hapa kwetu. Unga Limited, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1908 kwa mkono wake ili kusaga ngano hiyo, ina asili yake katika urithi wa baba yake wa Kiingereza na malisho ya Wamaasai kwa wakati mmoja.

Kwa nini basi mtu aliyekwisha kurithi aje kutafuta tena? Nadhani jibu ni kwamba alitaka kuwa kifungua mimba wa nchi nzima. Kule kwao ukabaila ulikuwa ukizeeka. Huku aliweza kuuanza upya. Tangu mwaka 1903 aliwaongoza walowezi wenzake katika chama chao, akaingia Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1907, na hadi kufa kwake mwaka 1931 hapakuwa na gavana aliyeweza kumpuuza. Alikuwa na haki ya kuketi katika Bunge la Malodi la Uingereza, jambo ambalo hakuna afisa wa Nairobi aliyeweza kujilinganisha nalo. Mwaka 1929 Jomo Kenyatta, mjukuu wa Kung'u wa Magana, alipotumwa London na Kikuyu Central Association apeleke malalamiko ya ardhi, hakuwa na shemeji katika bunge hilo.

Baada ya Delamere kufa, uongozi wa walowezi uliangukia mikononi mwa Lord Francis Scott. Huyu ni mfano wangu bora kabisa. Alizaliwa mwaka 1879, mwana wa sita na wa mwisho wa kiume wa Duke wa Buccleuch, mmojawapo wa watu waliokuwa na ardhi nyingi kupita kiasi katika Uskoti. Kaka watano walikuwa mbele yake! Akaenda jeshini, akajeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akaja Kenya chini ya mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi askari Wazungu waliotoka vitani. Mke wake alikuwa binti wa Earl wa Minto aliyekuwa mtawala wa India kwa niaba ya Mfalme. Mpwa wake Alice, binti wa kaka yake mkubwa, alikaa Kenya kwa muda, na mwaka 1935 akaolewa na Henry, mwana wa Mfalme George wa Tano. Kwa hiyo aliyekuwa akisimama katika baraza la Nairobi kudai walowezi wajitawale alikuwa baba mdogo wa mkwe wa Mfalme. Gavana wa kawaida, aliyepanda vyeo kwa mtihani na utumishi, angemjibuje mtu kama huyo?

Denys Finch Hatton, aliyefariki katika ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931, alikuwa mwana wa pili wa kiume wa Earl wa Winchilsea. Josslyn Hay, aliyeuawa karibu na Nairobi mwaka 1941, alikuwa kifungua mimba na Earl wa 22 wa Erroll, lakini jumba la ukoo wake lilikuwa limekwisha kuuzwa tangu mwaka 1916. Alirithi cheo bila mali. Kuhusu ulevi na mapenzi ya watu wa Wanjohi, filamu na vitabu vimetosha, nami sina la kuongeza.

Waafrika waliofanya kazi katika nyumba hizo walizijua nasaba hizi kuliko tunavyozijua sisi wasomi. Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa katika shamba la setla mmoja kule Solai, ambako baba yake alikuwa mpishi. Nilipokuwa mdogo alinisimulia kwamba kila mwezi ililetwa barua kutoka Ulaya, na siku hiyo bwana alikunywa peke yake barazani bila kusema na mtu. Wafanyakazi walifahamu kilichokuwamo. Zilikuwamo pesa, na ndani ya pesa hizo mlikuwa na amri ya kutorudi nyumbani. Baadaye, nikiwa chuoni, niligundua kwamba Waingereza walikuwa na jina maalumu la mtu wa aina hiyo, mwana mkorofi aliyetumiwa posho na ukoo wake kwa sharti kwamba akae mbali. Nyanya hakulijua jina hilo la Kiingereza. Yeye alisema kwa ufupi tu kwamba yule Mzungu 'alifukuzwa kwao'. Kisha aliongeza, bila kuonyesha hasira yoyote, kwamba huyo ndiye aliyemfukuza baba yake yeye shambani alipozeeka.

Nisieleweke kwamba walowezi wote walikuwa wana wa malodi. Hilo lingekuwa kosa jingine. Sensa ya mwaka 1921 ilihesabu Wazungu 9,651 katika Kenya nzima, na ndani ya hesabu hiyo walikuwamo maafisa wa serikali, wamisheni, makarani wa reli na wenye maduka. Ewart Grogan, aliyejulikana kwa kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini kati ya mwaka 1898 na 1900, alitoka katika nyumba ya watoto wengi mno ya mpima ardhi wa London. Huyu hakuwa na cheo, na nafikiri ndiyo sababu alilazimika kupiga kelele kuliko wote. Mwaka 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko Waafrika watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Mwana wa Duke hakuhitaji kufanya hivyo ili ajulikane kuwa yeye ni nani. Northrup McMillan, ambaye maktaba ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931 ina jina lake, alikuwa Mmarekani wa St. Louis, mrithi wa baba aliyetajirika kwa kutengeneza mabehewa ya reli.

Kisha walikuwapo Makaburu. Mwaka 1908 kundi la familia zao lilitoka Afrika Kusini kwa meli hadi Mombasa, likapanda gari la moshi hadi Nakuru, na kutoka huko likasafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai hadi Uasin Gishu. Hawa hawakuja kama vijana waliotengwa na urithi. Walikuja na wake, wazee, watoto na Biblia zao. Nchi yao ilikuwa imeshindwa na Waingereza katika vita vya mwaka 1899 hadi 1902, na baadhi yao walikuwa wakitazamwa na ndugu zao kama wasaliti kwa sababu walijisalimisha mapema au walimsaidia adui. Mtu aliyekosana na ukoo wake hutafuta mahali ambapo hakuna anayejua. Mji waliousaidia kuanza ulikuwa juu ya shamba nambari 64, na Wanandi wakaligeuza neno hilo la Kiingereza likawa 'Sisibo', jina ambalo wazee wa Eldoret wangali wanalitumia. Kwa mtu wa lugha hiyo ni tunu: nambari katika ramani ya mpima ardhi iliyogeuka kuwa jina la nyumbani.

Na aliyeufungua mlango? Sir Charles Eliot, Kamishna kutoka mwaka 1900 hadi 1904, ndiye aliyewaita walowezi waje ili reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ipate mizigo ya kulipia gharama yake. Alikuwa mwana wa kasisi, msomi wa Oxford, na, nasema haya kwa fedheha ya kitaaluma, alikuwa mwenzangu. Mwaka 1890 aliandika kitabu cha sarufi ya Kifini. Mwaka 1905 aliandika dibaji ya kitabu cha A. C. Hollis kuhusu lugha na ngano za Wamaasai. Aliweza kutambua uzuri wa lugha na papo hapo akaandika kwamba wenye lugha hiyo wasiachiwe malisho yao. Wanafunzi wa isimu wanaodhani kwamba kuijua lugha ya mtu ni sawa na kumheshimu mwenye lugha hiyo wamfikirie Eliot kidogo.

Hadi hapa nimeuliza swali la ukoo kwa upande mmoja. Tuligeuze sasa kwa wenyeji, maana utawala uleule ulioongozwa na watu waliothamini nasaba kupita kiasi ulizichezea nasaba zetu kama karata.

Palipokuwa na ukoo wa kutawala uliowafaa, waliutumia. Mumia, mwana wa Shiundu, alikuwa Nabongo wa Wanga tangu mwaka 1882, kabla Mwingereza hajajenga hata kibanda huko. Mwaka 1909 walimfanya Chifu Mkuu, na jamaa zake wakatumwa kuwa machifu wa jamii nyingine za Waluhya ambazo hazikuwahi kuutambua ukoo wa Wanga. Uchungu uliotokana na hatua hiyo haujaisha. Kwa Wamaasai walimkuta Olonana, ambaye sisi humwita Lenana, mwana wa Mbatian. Nasaba yake ilikuwa tukufu, lakini ilikuwa nasaba ya waganga na watabiri. Haikuwa ya wafalme. Wakambandika cheo cha Chifu Mkuu, kisha wakampa mkataba wa mwaka 1904 autie alama ya kidole; na mwaka 1911, mwaka wa kufa kwake, ukafuata mkataba mwingine ili Wamaasai waondoke Laikipia pia. Ole Gilisho, kiongozi wa rika aliyeupinga uhamisho huo na kuunga mkono kesi mahakamani mwaka 1913, hakuwa na damu ya ukoo wa Mbatian. Alikuwa na watu nyuma yake, lakini hicho si kitu ambacho serikali ilikuwa ikikitafuta.

Kwa Wakikuyu mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Waiyaki wa Hinga, aliyekuwa na ardhi na heshima Dagoretti, aligombana na maafisa wa kampuni ya Waingereza, akakamatwa mwaka 1892 na kufia Kibwezi akipelekwa pwani. Mahali pake, baada ya muda, alitokea Kinyanjui wa Gathirimu, mtu ambaye wenzake walimwona kuwa hana mali wala jina, aliyejipatia riziki kwa kuwaongoza wageni njia na kuwatafutia wapagazi. Mtu huyu ndiye aliyefanywa Chifu Mkuu. Kwa hiyo wakoloni waliobeba kumbukumbu za vizazi kumi na viwili vya mababu zao waliona vyema kwamba kiongozi bora wa Mwafrika ni yule asiye na kizazi kinachomdai chochote. Mtu asiye na mbari nyuma yake ni mali ya aliyemwinua.

Kinyanjui na Karen Blixen walikuwa majirani. Blixen naye tukimuuliza ni binti wa nani, tutapata kwamba baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa askari na mwandishi aliyejiua mwaka 1895 binti akiwa na miaka tisa; mama yake alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara matajiri wa Denmaki; pesa za shamba la kahawa zilitoka kwa upande huo wa mama; na cheo cha baronesi alikipata kwa kuolewa Mombasa mwaka 1914. Pesa za wajomba na jina la mume. Katika kitabu chake cha kumbukumbu anasimulia kwamba Kinyanjui alipokuwa akifa, mwaka 1929, alimwomba ampeleke nyumbani kwake badala ya hospitali ya misheni. Blixen, ambaye shamba lilikuwa likimponyoka kwa madeni, alikataa. Mzee alichukuliwa na wamisheni, akafia huko usiku ule ule. Nimewahi kuwasomesha wanafunzi sehemu hiyo mara nyingi na kila mara hugawanyika. Wengine humwona Blixen kuwa mnafiki. Wengine humhurumia. Mimi naona watu wawili waliopewa vyeo na wengine, nao wakaachwa na hao hao waliowapa.

Nirudi kwenye maneno. Wakikuyu wana neno 'muhoi', wingi wake 'ahoi'. Ni mtu asiyekuwa na ardhi, ambaye mbari nyingine humkaribisha alime kwa ridhaa yao. Hana haki ya kuuza, na anaweza kuombwa aondoke. Waluo wana 'jadak', wingi 'jodak'. Waluhya wana 'omumenya'. Lugha tatu zisizo za asili moja zote zilikuwa na nafasi tayari ya kumweka mgeni asiye na urithi kwao. Wana wadogo wa malodi walipofika, nafasi yao katika msamiati wetu ilikuwa hiyo. Walikuwa ahoi. Walikuwa jodak. Kwa mujibu wa desturi ya nchi waliyoingia, wangepewa mahali, wangelima, wangeheshimu wenyeji, na wajukuu wao pengine wangekuwa jamaa zetu kwa ndoa. Hiyo ndiyo maana ya kulowea.

Kilichotokea kilikuwa kinyume. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa mikataba ya miaka 999. Ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, hivyo ni takriban vizazi 40, na hao ni watu ambao wengi wao hawakurithi hata bustani kwao. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka Waafrika walioishi katika mashamba ya Wazungu wafanye kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa hapo. Mpango wa mwaka 1919 uligawa zaidi ya ekari milioni mbili kwa askari Wazungu, ilhali wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile vile waliachiwa jina la mtaa, Kariokor. Na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba Mwafrika hana miliki ya ardhi. Ni mpangaji tu kwa hiari ya Mfalme. Kwa kauli moja ya mahakama, mwenyeji akawa muhoi na muhoi akawa mwenyeji. Kiingereza kilikuwa na neno tayari la kumwita mwenyeji huyo mpya-maskini, nasi tukalipokea likawa 'skwota'. Baba wa nyanya yangu alikuwa skwota katika nchi ambayo babu zake walizikwa.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba kuwatafutia walowezi baba na mama ni kuwapamba, ni kuwaombea msamaha. Siwaombei. Mtu aliyenyimwa urithi na ndugu yake anajua vyema uchungu wa kunyimwa, na akija kumnyima mwingine hafanyi hivyo kwa kutojua. Hukumu yangu juu yake inakuwa nzito zaidi, si nyepesi.

Tazama pia Kiswahili walichokizungumza, kile ambacho wanaisimu wamekiita Kisetla. Ni lahaja ya amri: leta, ondoa, ngoja, kuja hapa. Upatanisho wa ngeli umeachwa. Msamiati wa jikoni, wa zizi na wa mshahara umo. Msamiati wa jamaa, ambao katika Kiswahili ni mpana ajabu, haumo, isipokuwa neno moja au mawili. Mwanamume mwenye wajukuu aliitwa 'boi', ambalo kwa Kiingereza ni mtoto wa kiume, na msaidizi wake, ambaye pengine alikuwa ameoa, akaitwa 'toto'. Watu waliotoka katika nyumba ambamo tofauti kati ya mwana wa tano na wa sita ilikuwa suala la maisha hawakuona haja ya kujua ikiwa mpishi wao ni baba, ami au babu ya mtu. Kipande kilichoanza kutumika mwaka 1920 kiliuliza jina la baba, kabila na wilaya, pamoja na alama za vidole. Nyumbani kwa mwajiri hata hilo jina la baba halikutumika.

Mwaka 1963 sanamu ya Delamere iliondolewa katika barabara iliyokuwa na jina lake, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Katiba ya mwaka 2010 ilipunguza mikataba yote ya ardhi ya wasio raia iwe ya miaka 99 kwenda chini. Kwa sheria na kwa ramani mengi yamerekebishwa. Katika lugha hayajarekebishwa. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kwenda makwao kuuliza ni neno gani hutumika kumtaja mtu aliyekaribishwa katika ardhi ya wengine, na neno hilo hutamkwa lini. Walirudi na orodha ndefu kutoka lugha nyingi, nami nikafurahi. Lakini kuhusu swali la pili, majibu yao yalikaribiana mno. Hakuna aliyelisikia neno hilo likitumiwa kumkaribisha mtu. Wengi walilisikia katika kesi za urithi, ndugu akimwambia ndugu, au mjomba akimwambia mpwa aliyelelewa kwa mama, kwamba hapa wewe ni wa kuja, huna baba.